Nova Ngapi kwa Mwaka? Hesabu ya Milipuko Ambayo Mingi Hatuioni

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1923, juu ya Mount Wilson huko California, mwanaastronomia Edwin Hubble alipiga picha ya Andromeda kwenye bamba la kioo. Alipoikagua aliona nukta tatu zilizomtia shaka, na kando ya kila moja akaandika herufi N, yaani nova, nyota inayolipuka na kung'aa ghafla. Baadaye alipoilinganisha picha hiyo na za miaka ya nyuma, akagundua kwamba nukta moja haikuwa nova bali nyota badilifu, ile inayopanda na kushuka mwanga kwa mpangilio. Akaikata ile N na kuandika VAR! pamoja na alama ya mshangao. Kwa nyota hiyo moja aliweza kupima umbali, na ikabainika kwamba Andromeda si wingu lililomo ndani ya galaksi yetu bali ni galaksi nyingine kabisa.

Historia imeishikilia ile VAR! na kuzisahau N mbili zilizobaki. Mimi ndizo ninazozipenda. Hubble hakukesha usiku ule kwa ajili ya nyota badilifu. Alikuwa akiwinda nova. Swali lililotokana na uwindaji huo, kwamba galaksi moja hutoa nova ngapi kwa mwaka, limepita mikononi mwa vizazi vinne vya wanaastronomia, na mpaka leo majibu yake hayapatani. Katika galaksi moja maarufu watafiti wawili hodari wanaweza kukupa namba mbili ambazo moja ni zaidi ya maradufu ya nyingine, na wote wawili wakawa wamefanya kazi yao vizuri. Makala hii inaeleza kwa nini.

Nyota mpya ambayo si mpya

Neno nova ni la Kilatini, maana yake "mpya", na kwa kweli ni jina la uongo. Hakuna nyota inayozaliwa pale. Kinacholipuka ni mzee: kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota ya kawaida kumaliza kuni zake. Ni kitu chenye ukubwa wa Dunia hivi lakini chenye uzito unaokaribia wa Jua, na wakati mwingine kuuzidi.

Kibete cheupe kikiwa peke yake hupoa taratibu na hakuna anayekitilia maanani. Kikiwa na nyota mwenzake wa karibu, mambo hubadilika. Mvutano wake hunyonya gesi ya mwenzake, hasa hidrojeni, na gesi hiyo hurundikana juu ya uso wake tabaka kwa tabaka. Chini ya rundo shinikizo na joto hupanda mpaka hidrojeni inaanza kuungana kinyuklia. Gesi ya kawaida ingetanuka na kujipoza, ila gesi iliyobanwa kiasi kile haitanuki mapema, kwa hiyo moto hujichochea wenyewe na joto hupita digrii milioni 100. Ndipo tabaka lote linarushwa angani kwa kasi ya mamia hadi maelfu ya kilomita kwa sekunde. Mfumo ambao jana ulikuwa hauonekani unang'aa kama Jua mara makumi ya maelfu, pengine mara laki moja na zaidi.

Jambo la kushika ni kwamba kibete hakifi. Kilichorushwa ni ngozi tu, kati ya sehemu moja ya elfu kumi na sehemu moja ya laki moja ya uzito wa Jua. Mwenzake anaendelea kumwaga gesi, rundo linaanza upya, na siku moja litalipuka tena. Hapo ndipo nova inapoachana na supanova. Katika supanova nyota husambaratika na habari yake ikaisha, na galaksi kama yetu hupata moja au mbili tu kwa karne nzima. Nova ni jambo la kila mwaka.

Kwamba nyota hizi huishi mbili mbili halikujulikana mara moja. Mwaka 1954 Merle Walker alionyesha kwamba DQ Herculis, nova iliyolipuka mwaka 1934, ni nyota mbili zinazofunikana kila baada ya saa nne na dakika 39. Nova nyingine nazo zilipochunguzwa, zikaonekana zina mwenza.

Andromeda na namba zake sita

Ungedhani galaksi rahisi zaidi kuhesabia nova ni ile tuliyomo. La. Ni Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), kwa sababu tunaitazama kutoka nje na karibu yote inaingia katika picha chache. Ndiyo maana zaidi ya nova elfu moja zimeshaorodheshwa kule, ilhali katika Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, orodha ya karne zote haijafika nusu ya hizo.

Sasa tazama majibu. Hubble, mwaka 1929, alikadiria nova kama 30 kwa mwaka. Halton Arp alirudi Mount Wilson kati ya 1953 na 1955, akakesha karibu usiku 300 kwa kazi hiyo moja, akapata nova 30 na kukadiria 26 kwa mwaka. Mwaka 1989 Massimo Capaccioli na wenzake walipata 29. Mwaka 2001 Allen Shafter na Bryan Irby wakasema 37. Mwaka 2006 Matthew Darnley na wenzake, kwa kutumia picha za darubini ya La Palma zilizokuwa zimepigwa kwa kazi nyingine kabisa, wakaja na 65. Mwaka 2022 utafiti uliotumia picha za takriban miongo miwili ukarudisha namba kwenye 40.

Andromeda haikubadilika kati ya 1929 na 2022. Kilichobadilika ni ukubwa wa kile ambacho kila mtafiti alidhani amekikosa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Kasi ya nova katika galaksi, yaani idadi yake kwa mwaka, haihesabiwi, hukadiriwa. Unahesabu ulizoziona, kisha unakisia ulizozikosa, na mara nyingi sehemu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Chukua mfano wa kubuni. Galaksi ina nova za aina mbili: za kwanza huonekana kwa siku 60 kabla hazijafifia nje ya uwezo wa darubini yako, za pili huonekana kwa siku tatu tu. Nawe umepewa usiku mmoja wa kutazama kila baada ya siku 60. Zile za polepole hazikuponyoki, utazinasa karibu zote. Zile za haraka utanasa moja katika kila 20. Kwa hiyo ukikuta nova moja ya haraka katika picha zako za mwaka mzima, unalazimika kuandika 20.

Na kama hukukuta hata moja? Huna haki ya kuandika sifuri. Hata kama nova 20 za haraka zililipuka mwaka ule, uwezekano wa picha zako sita kuzikosa zote ni zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo daftari lako lisilo na nova ya haraka linakubaliana na sifuri, na pia linakubaliana na 20. Kutoona na kutokuwepo ni vitu viwili.

Muda ambao nova ya aina fulani ingeweza kuonwa, ukijumlisha usiku wote uliotazama, ndio kipimo cha msingi katika kazi hii. Fritz Zwicky aliutumia kwa supanova, na wa nova wakaurithi. Tatizo ni kwamba ili uukokotoe lazima kwanza ujue nova zenyewe zinafifia vipi: ngapi ni angavu za haraka, ngapi ni hafifu za polepole. Mgawanyo huo nao tumeupata kutoka kwa nova tulizoziona. Kwa hiyo anayekosa aina fulani ya nova hukosa mara mbili: hazimo katika hesabu yake, na hazimo katika masahihisho ya hesabu yake.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba nova angavu hufifia haraka na hafifu hufifia polepole, kanuni iliyorahisisha mambo kweli kweli. Mwaka 2011 Mansi Kasliwal na wenzake wakatangaza nova zisizoifuata: hafifu na za haraka kwa pamoja, aina ile ile ambayo darubini inayotazama kwa nadra haiwezi kuikamata. Ukisoma makadirio yoyote ya kabla ya hapo, yakumbuke haya.

Kuna vikwazo vingine ambavyo havihitaji maelezo marefu. Katikati ya Andromeda nyota zimesongamana na mwanga wake unameza nova hafifu. Galaksi yenyewe imelala karibu ubavu kwetu, hivyo vumbi la sahani yake, ile sehemu bapa ya galaksi yenye mikono, linaficha baadhi. Na kila mwaka kuna miezi ambayo iko karibu mno na Jua angani kiasi cha kutotazamika vizuri.

Dhidi ya ule mwanga wa katikati kulipatikana ujanja mzuri katika miaka ya 1980, ambao Robin Ciardullo na wenzake waliutia nguvu. Gesi iliyorushwa na nova huwa na hidrojeni inayong'aa kwa rangi moja mahususi ya wekundu. Ukiweka kichujio kinachopitisha rangi hiyo peke yake, nyota za kawaida zinafifia pichani na nova inabaki imejitokeza. Zaidi ya hapo, wekundu huo unadumu kwa wiki nyingi hata baada ya mwanga mwingine wa nova kwisha, kwa hiyo unaweza kutazama mara chache na bado ukanasa nyingi. Ila tena kuna bei yake: kilele cha mlipuko kinapita bila kuonwa, na huwezi kusema kwa hakika ilikuwa nova ya aina gani.

Tulio ndani hatuoni vizuri

Katika Njia Nyeupe hugunduliwa nova tano hadi kumi hivi kwa mwaka. Nyingine nyingi zinatupita. Sisi tumo ndani ya sahani ya galaksi, na nyota zilizo nyingi ziko upande wa katikati, nyuma ya vumbi. Mwanga unaoonekana kwa macho unaotoka katikati kabisa ya galaksi hufifishwa na vumbi hilo kwa kiwango cha kutisha: katika kila chembe trilioni moja za mwanga, hufika moja hivi. Nova inaweza kulipuka kule kwa fahari yote na hapa pasionekane kitu.

Njia za kukisia ni tatu. Ya kwanza ni kuhesabu nova za ujirani wetu, ambako vumbi ni kidogo, kisha kuzidisha kwa galaksi nzima ukidhani kwamba kwingine kunafanana na kwetu. Shafter alifanya hivyo mwaka 2017 na kupata 50 kwa mwaka, lakini soma na mashaka yake: inaweza kuwa 27, inaweza kuwa 81. Ya pili ni kuchukua Andromeda au galaksi nyingine, kuona inatoa nova ngapi kwa kiasi gani cha mwanga, kisha kuihamishia namba hiyo kwetu. Njia hii kwa kawaida imetoa majibu ya chini kuliko ya kwanza. Ya tatu ni kutazama kwa mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni lakini hupenya vumbi vizuri zaidi. Kamera ya Palomar Gattini-IR huko California ilifanya hivyo, na mwaka 2021 Kishalay De na wenzake wakatoa jibu la takriban 44 kwa mwaka, huku wakionyesha nova zilizojificha vumbini ambazo uwindaji wa mwanga wa kawaida ulikuwa umezikosa.

Ungefikiri mjadala umekwisha. Mwaka uliofuata Adam Kawash na wenzake, wakitumia ASAS-SN, mtandao wa darubini ndogo zinazopiga picha anga lote la usiku, wakasema 26, ongeza au punguza tano. Walikuwa na ramani nzuri za vumbi na kumbukumbu safi ya kila usiku. Mimi binafsi naona tofauti ya 26 na 44 si aibu. Inatoka mahali panapoeleweka: ramani ya vumbi unayoitumia na dhana yako kuhusu nova zimesambaaje kati ya sahani na lile tumbo la galaksi lililovimba katikati. Ninachoshangaa ni makala za habari zinazochukua namba moja kati ya hizi na kuiandika kana kwamba mtu alisimama akahesabu.

Kulinganisha galaksi kubwa na ndogo

Kwa majirani zetu wadogo hali ni safi zaidi. Mradi wa OGLE, unaotumia darubini huko Las Campanas, Chile, umetazama Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu, kwa miaka mingi bila kuchoka. Mwaka 2016 Przemek Mróz na wenzake walitoa kasi ya nova 2.4 kwa mwaka kwa Wingu Kubwa na 0.9 kwa Wingu Dogo. Galaksi ya M81, kubwa na yenye mikono iliyojipinda kama Andromeda, ilikadiriwa kuwa na 33 mwaka 2004.

Kusema kwamba galaksi kubwa hutoa nova nyingi kuliko ndogo si habari. Ina nyota nyingi zaidi. Swali lenye maana ni kama kila nyota inachangia sawa. Kwa hiyo kasi hugawanywa kwa mwanga wa galaksi, na huchaguliwa mwanga wa infraredi kwa kuwa unatolewa zaidi na nyota za kale zilizobeba sehemu kubwa ya uzito wote. Ukifanya hivyo, galaksi zinazotofautiana sana kwa ukubwa zinasogeleana kwa namna ya kushangaza: nyingi huangukia kati ya nova moja na tatu kwa mwaka kwa kila kiasi cha mwanga kinacholingana na wa Jua bilioni 10. Galaksi za duaradufu zisizo na nyota changa, galaksi zenye mikono, zote hapo hapo.

Mawingu ya Magellan ndiyo yanayotia mchanga katika kitumbua. Kwa kiasi cha mwanga wao yanaonekana kutoa nova zaidi ya fungu lao, na nova zake hufifia haraka kuliko za Andromeda kwa wastani. Wanaoshikilia kwamba umri wa nyota una kauli hapa hutolea mfano mawingu haya, kwa kuwa bado yanazaa nyota kwa wingi.

Hoja yao ina mantiki nzuri, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua. Nyota kubwa huishi muda mfupi na kuacha kibete cheupe kizito; nyota ndogo huishi sana na kuacha kibete chepesi. Kwa hiyo katika galaksi changa vibete vizito ni vingi kwa uwiano. Kibete kizito, kinyume na unavyotarajia, ni kidogo kwa umbo kuliko chepesi, na mvutano katika uso wake ni mkali zaidi. Kwa hiyo hakihitaji rundo kubwa la hidrojeni ili kuwaka. Kati ya kibete chepesi na kizito sana, tofauti ya rundo linalohitajika ni zaidi ya mara kumi. Rundo dogo hujaa haraka, hulipuka mapema, na likishalipuka hutawanyika upesi. Matokeo yake ni milipuko ya mara kwa mara na ya haraka, kama ile ya Mawingu ya Magellan.

Lakini Andromeda inapinga. Kule nova nyingi ziko katika tumbo la katikati, miongoni mwa nyota za kale, wala hazifuati mikono yenye nyota changa kwa kiwango ambacho hoja ile ingetaka. Massimo Della Valle na wengine walipendekeza maridhiano: kuna jamii mbili za nova, za sahani zilizo angavu na za haraka, na za tumbo zilizo hafifu na za polepole. Kila galaksi ina mchanganyiko wake. Ni wazo zuri, ingawa utakumbuka kwamba vumbi huficha za sahani na mwangaza wa katikati huficha za tumbo, kwa hiyo mchanganyiko tunaouona unaweza kuwa umeshachujwa kabla haujatufikia.

Nyota moja, milipuko elfu

Kuna mkanganyiko mwingine unaofichwa na neno lenyewe. Tunapoandika "nova 40 kwa mwaka" tunahesabu milipuko, si nyota. Kwa kawaida haileti shida, kwa kuwa mfumo wa kawaida hungoja maelfu ya miaka kati ya mlipuko na mlipuko. Piga hesabu ya harakaharaka: ikiwa Njia Nyeupe ina milipuko 40 kwa mwaka na kila mfumo hungoja miaka 10,000, basi kuna mifumo 400,000 inayojiandaa kimyakimya usiku huu.

Ila si wote wanaongoja hivyo. T Coronae Borealis ililipuka mwaka 1866 na tena mwaka 1946. Nova zinazojirudia ndani ya maisha ya binadamu ni chache, karibu kumi tu zinajulikana katika galaksi yetu. Katika Andromeda kuna moja inayozishinda zote, iliyopewa jina kavu la M31N 2008-12a. Hulipuka kila mwaka. Kibete chake kina uzito unaokaribia kikomo cha mara 1.4 ya uzito wa Jua, ambako kibete hakiwezi tena kujishikilia, nacho hunyonya gesi kwa pupa. Milipuko yake ya muda mrefu imesukuma gesi ya angani na kutengeneza ganda lenye upana wa zaidi ya miaka ya nuru 400, kubwa kuliko mabaki ya supanova tuliyoyazoea.

Fikiria maana yake kwa hesabu. Mfumo huu mmoja unachangia kwa mwaka sawa na mifumo 10,000 ya kawaida ikiwekwa pamoja. Na kwa kuwa mlipuko wake ni hafifu na hufifia ndani ya siku chache, haukutambuliwa kuwa wa kila mwaka mpaka muda mrefu baada ya ugunduzi wa 2008. Hubble na Arp walikuwa wakitazama galaksi hiyo hiyo. Ikiwa Andromeda ina mifumo michache tu ya namna hii ambayo haijaonwa, tarakimu ya pili ya makadirio yetu yote haina maana.

Ugomvi wa M87

Galaksi ambayo imegawanya wataalamu zaidi ni M87, lile pande la duaradufu katikati ya kundi la galaksi la Virgo, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 50. Wengi wanaijua kwa sababu shimo lake jeusi lilikuwa la kwanza kutolewa picha, mwaka 2019. Kwa wawindaji wa nova inajulikana kwa jingine.

Mwaka 2015 Chris Curtin na wenzake, wakitumia darubini ya ardhini huko Hawaii na ule ujanja wa mwanga mwekundu wa hidrojeni, walikadiria M87 kuwa na nova 154 kwa mwaka. Walipima na jirani zake wawili: M49 wakapata 189, M84 wakapata 95. Majibu hayo yalikaa vizuri ndani ya kile kiwango cha moja hadi tatu. Mwaka uliofuata Michael Shara na kundi lake wakachapisha matokeo ya Darubini ya Anga ya Hubble, iliyokuwa imeipiga picha M87 karibu kila siku kwa wiki 10. Walipata nova 32 za uhakika na tisa za kudhaniwa. Kasi yao: 363 kwa mwaka.

Maana ya namba hiyo haiishii M87. Ikiwa darubini ya angani, inayoona kwa ukali mpaka karibu na kitovu na isiyokosa siku, inapata zaidi ya maradufu ya darubini za ardhini kwa galaksi ile ile, basi huenda makadirio ya ardhini ya galaksi nyingine zote nayo yako chini kwa kiasi hicho hicho. Hivyo ndivyo Shara anavyohoji, na nova hafifu za haraka ndizo anazozinyooshea kidole. Wapinzani wake, Shafter akiwa mbele, walijibu kwamba Hubble iliona sehemu tu ya galaksi, kwamba kuizidisha kwa galaksi nzima kunategemea dhana, na kwamba Andromeda imetazamwa kwa karibu mno kwa miaka mingi kiasi kwamba nusu ya nova zake haziwezi kupotea hivi hivi.

Kundi la Shara halikunyamaza. Liliomba muda mwingine, na Hubble ikaitazama M87 kila baada ya siku tano kwa miezi tisa, safari hii kwa mwanga wa urujuanimno pia, ambamo nova hujitokeza na nyota za kale hufifia. Nova 94. Kasi mpya: karibu 350. Yaani jibu lile lile kwa uchunguzi tofauti. Kwa maoni yangu hili ndilo lililonisogeza upande wao kuhusu M87, ingawa bado sioni ruhusa ya kulihamishia jibu hilo Andromeda kwa kuzidisha tu. M87 ni galaksi ya ajabu.

Ajabu kiasi gani kulionekana mwaka 2024. Alec Lessing, Shara na wenzao walipoziweka nova zote 135 za tafiti mbili za Hubble kwenye ramani, waliona zimejaa upande mmoja. Kutoka kwa shimo jeusi la M87 hutoka mchirizi mrefu wa mata unaokimbia karibu kwa kasi ya mwanga, na jirani na mchirizi huo nova ni takriban maradufu ya zilizo kwingineko. Ama kuna mifumo mingi zaidi pale, ama mifumo ya pale hulipuka mara nyingi zaidi. Imependekezwa kwamba huenda mchirizi unasukuma hidrojeni kwenye vibete au unawapasha joto wenza wao wamwage gesi zaidi, lakini hesabu za maelezo hayo hazijatosha kufikia tofauti iliyoonwa. Miaka yote tulikuwa tukijadili umri wa nyota na vumbi. Ni wachache waliokuwa wameweka shimo jeusi katika orodha ya mambo yanayoamua nova hulipuka mara ngapi.

Mtu anaweza kuuliza ubishi wote huu ni wa nini. Moja ya sababu ni lithiamu. Nova zimeonwa zikitoa berili ya mionzi, ambayo baadaye huoza na kuwa lithiamu, na kiasi cha lithiamu kilichomo katika galaksi kinadai chanzo. Kama nova ni 26 kwa mwaka, au 44, au zaidi, jibu la kama zinatosha linabadilika. Nyingine ni kwamba baadhi ya vibete vinavyolipuka kwa nova huenda vinanenepa polepole kuelekea supanova, na kujua viko vingapi ni njia mojawapo ya kulipima wazo hilo.

Darubini ya Rubin huko Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, imejengwa kulipitia anga la kusini kila baada ya siku chache kwa miaka 10. Kwa Mawingu ya Magellan na kwa tumbo la Njia Nyeupe itakuwa neema. Andromeda, galaksi iliyohesabiwa kuliko zote, iko kaskazini mno kuingia katika mpango wake. Na kila Desemba Jua hupita mbele ya upande wa kitovu cha galaksi yetu, mahali penye nyota nyingi kuliko pote. Nova zinazolipuka kule wiki hizo na kuzimika baada ya siku tatu au nne hazitaonwa na darubini yoyote ya ardhini, ya zamani wala mpya. Zitaingia katika makala za baadaye kama desimali ndani ya masahihisho ya mtu, baada ya alama ya kuongeza au kupunguza.